Kidani Kilichonifunga kwa Baba Mkwe

Naandika haya nikiwa na hasira, na nisingeyaandika kabisa kama watu wa Mbeya wangekuwa na adabu ya kusahau. Lakini kila nikienda sokoni kuna mtu anajishika shingo, anamzunguka mwenzake mbio huku akikohoa, na nikiuliza kinachowachekesha naambiwa hakuna kitu, Mama Tuntufye, tumekumbuka tu jambo la nyumbani. Basi nimeona afadhali niseme mwenyewe, ili anayetaka kucheka acheke mara moja amalize. Aibu ni yangu, siikatai. Siku ya harusi ya wifi yangu nilikimbia kulizunguka kanisa, na baba mkwe wangu akalizunguka pia kwa upande wa pili, mvua inanyesha, mbele ya mchungaji na maharusi na lori zima la wageni kutoka Tukuyu. Hilo mnalijua. Yaliyotangulia hamyajui, na yaliyofuata nyuma ya kanisa hamyajui kabisa, maana mlikuwa mmefungwa pamoja kibarazani kama mzigo wa kuni.

Mimi ni mtu wa Iringa, Mhehe. Nilisoma mpaka darasa la kumi katika shule ya bweni ya wasichana, na katika hesabu nilikuwa nawashinda wengi, ila saa ya kazi za mikono ikifika nilikuwa naomba ruhusa nikamwagilie bustani ya mwalimu, maana sikuona faida ya kukaa nimeinamia sindano kama kuku anayeatamia. Nikaolewa na Ambakisye, Mnyakyusa, karani wa Boma hapa Mbeya, mtu mpole. Mpole mno. Ukimuuliza jambo zito anatoka nje kuangalia kama baiskeli ina upepo.

Sasa, kwetu mkwe anaheshimiwa, lakini kwa Wanyakyusa heshima hiyo ina miguu, yaani inakimbia. Mke wa mtoto hamwoni baba mkwe na baba mkwe hamwoni yeye. Hawasalimiani, hawakai chumba kimoja, wakikaribia kukutana njiani mwanamke anaingia majanini anajifunika na mzee anageukia upande mwingine. Wenyewe wanaita ukutila, ni kuogopa, ila ni kuogopa kwa heshima. Sikubisha. Nilipoolewa, Shangazi Subilaga, dada wa baba mkwe, alinifundisha yote, pa kuchuchumaa na namna ya kuvuta kanga usoni, nikashika. Miaka yangu yote ya ndoa baba mkwe nilimjua kwa kikohozi tu (kikavu, kama mtu anayepasua ukuni mmoja, anapumzika, anapasua mwingine) na kwa harufu ya tumbaku iliyobaki mlangoni akishaondoka. Kwa jinsi kila mtu alivyomwogopa nilijua ni mtu mrefu, mabega kama kabati.

Mama mkwe, huyo namwona. Alikuja kukaa kwetu kabla ya harusi ya binti yake Atupele, na siku ya kwanza tu, kabla hajamaliza chai, akasema akirudi Tukuyu ataondoka na Tuntufye. Tuntufye ni mwanangu, wa kwanza, wakati huo alikuwa amejua kusimama na kuanguka. Nikasema mtoto bado ananyonya. Mama mkwe akasema mtoto mwenye meno yale hanyonyi, anatafuna, na tena ameshamtumia mzee salamu kwamba mjukuu ameacha ziwa tangu mavuno na yuko tayari kulelewa na bibi yake. Nikamgeukia mume wangu. Ambakisye akasema tutaona baada ya harusi, baba ataamua, halafu akatoka kuangalia baiskeli.

Baba ataamua. Fikirini wenyewe. Mtu pekee mwenye neno la mwisho juu ya mwanangu ni mtu nisiyeruhusiwa kumwangalia, wala kumsemesha, na kila anachokijua juu yangu amepelekewa na mkewe.

Na mkewe alikuwa na neno moja juu yangu, alilirudia asubuhi na jioni: huyu mke ana kichwa, mikono hana. Yeye alipokuwa msichana alifundishwa kufuma lesi na mabibi wa misheni, na tangu hapo hakuacha kitu uchi. Alipokaa kwangu siku chache viti vyote vilikuwa vimevaa vitambaa, meza imevaa, mtungi wa maji una kofia, na siku moja nilikuta hata chupa ya mafuta ya taa ina sketi. Sasa siku hiyo tumemaliza kula, akamwambia Atupele, mimi nikiwa palepale naosha vyombo, kwamba mtoto halelewi kwa kichwa, mtoto analelewa kwa mikono, na wazee wakija harusini wataona wenyewe nani ana mikono. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba wataona, maana siku ya harusi nitavaa kidani na hereni za lesi nilizofuma mwenyewe. (Sikuwahi kushika kulabu ya kufumia maishani mwangu. Nilikuwa nimeshika sufuria.)

Nikaenda kwa jirani yangu Bi Zena, mke wa mwenye duka la nguo, watu wa asili ya Tanga, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amewavalisha nusu ya wanawake wa mtaa wetu vidani vya uzi mweupe, vipana vya kulala juu ya kifua, vyenye matundu na maua pembeni. Bi Zena anajua kazi yake na anajua kwamba anajua. Akaniketisha mkekani akanionyesha mnyororo wa vitanzi, unaingiza kulabu, unakamata uzi, unauvuta ndani ya kitanzi, basi, hivyo hivyo mpaka mwisho wa dunia. Mimi nikavuta. Akasema nisivute uzi kama navuta ng'ombe. Nikalegeza. Akasema sasa nimetengeneza wavu wa kuvulia kambale. Hereni yangu ya kwanza ilitoka kama soksi ya mtoto mchanga, na ya pili, ambayo ilitakiwa kuwa pacha wake, ilitoka kama soksi ya baba yake. Bi Zena alicheka akalala chali kwenye mkeka, alipoinuka akanipangusa uso kwa ncha ya kanga yake akasema, "Kusoma umesoma, shoga yangu, lakini vidole vyako havijapelekwa shule."

Nilikasirika, lakini niliendelea, maana nilikuwa nikimwangalia Tuntufye anavyotambaa juu ya ule mkeka na uzi umemzunguka masikio nasema moyoni huyu haendi popote. Na nitakuwa mkweli, kidani kilitoka. Tulianzia shingoni, mstari baada ya mstari tukipanua kwenda nje, na mstari wa mwisho kabisa ukawa wa maua. Kilikuwa kimepinda kidogo upande wa kushoto, lakini ukinyanyua bega la kushoto haionekani.

Halafu Bi Zena akaitwa Iringa, mdogo wake amejifungua. Alikuwa hajanifundisha namna ya kufunga kitanzi cha mwisho. Akasema kumaliza ni somo la mwisho, shoga yangu, nitakufundisha nikirudi, wewe kitunze tu kilivyo. Na harusi ndiyo hiyo inakuja, yeye harudi kabla yake.

Wasiofuma niwaeleze. Lesi ya kulabu ni uzi mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, na kila kitanzi kimeshikwa na kinachokifuata. Cha mwisho hakina wa kukishika. Usipokifunga, mtu akivuta ncha, kinafunguka hicho, kinafungua mwenzake, na mwenzake anafungua mwenzake, kazi yote inarudi kuwa uzi.

Nikakaa na kidani changu mapajani, kitanzi kimoja kimeachama kama mdomo wa kifaranga. Mama mkwe alikuwa hapo mbele yangu anabangua maharage, mtu aliyefuma maisha yake yote, na ningemwuliza angeniambia kabla hajatupa ganda. Akainua macho akaniuliza, "Umemaliza?"

Nikasema, "Nimemaliza, Mama."

Hapo ndipo nilipopotea. Hapo hapo, kwa neno moja.

Nikaenda jikoni nikaparuza viazi mviringo, nikakamua, nikapata wanga, nikaupika mwepesi, nikachovya kidani na hereni, nikavibana kwa pini juu ya ubao juani. (Wanga uliobaki aliula Tuntufye, na kwa siku mbili alikuwa mzito kuliko kawaida.) Vilipokauka vilikuwa vigumu kama biskuti. Ukikigonga kidani kinalia. Kile kitanzi cha mwisho kilikuwa kimeganda pamoja na jirani zake, nikakivuta, hakikusogea, nikasema moyoni kumbe hakuna haja ya kufunga, wanga umefunga. Ule uzi uliobaki nikaufanya kitanzi kirefu kining'inie mgongoni kama pambo, nao nikauchovya. Kwetu Iringa, kiangazi, kitu kilichotiwa wanga kinakaa wima mpaka ukifue. Akili yangu ilisahau kwamba mimi nimeolewa Mbeya, ambako hata mawe yana unyevu.

Siku ya harusi ikafika. Kwa habari ya baba mkwe mipango ilikuwa imekamilika kuliko ya Boma: yeye atumie mlango mkubwa wa kanisa, mimi nitumie mlango mdogo wa pembeni, yeye akae mbele upande wa wanaume, mimi nyuma upande wa wanawake, na Shangazi Subilaga atembee mbele yangu, na akimwona kaka yake anakaribia, akohoe. Mpango mzuri. Ila Shangazi alikuwa ameamka na mafua. Alikohoa nyumbani, alikohoa njiani, alikohoa kwenye geti, na kila akikohoa mimi nachuchumaa na kujifunika, mara mbele ya mbuzi, mara mbele ya mwuza ndizi, mara mbele ya nguzo ya simu, mpaka magoti yakaniuma nikasema leo kikohozi cha Shangazi sikisikilizi tena.

Na jambo jingine, nilitakiwa nijifunike kanga kichwani mpaka mabegani. Lakini nikijifunika kidani kitaonekana saa ngapi? Nikaishusha kanga. Kidogo. Halafu kidogo tena. Tulipoketi kanisani ilikuwa kiunoni.

Nitasema ukweli, nilipendeza. Wanawake walikuwa wananigeukia wakati wa sala. Mama mmoja wa Kisafwa aliyekaa nyuma yangu alipitisha kidole kwenye maua akauliza kwa Bi Zena nililipa nini, nikamjibu kwa sauti ya kufika mbele kwamba nimefuma mwenyewe. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni yangu, Tuntufye yuko mgongoni mwake, amemfunga mbeleko tangu alfajiri kana kwamba safari ya Tukuyu imeshaanza. Akasogeza uso karibu na shingo yangu, akakodoa macho, akauliza taratibu nimefungia wapi. Nikasema kwa ndani. Akasema, "Mm." Wenye mama wakwe mnaijua hiyo Mm.

Mchungaji alipomaliza, mvua ikaanza, na si mvua ya kuanza, ilianza ikiwa katikati. Mlango mdogo wa pembeni ukawa mto. Wanawake wote wakasukumwa kuelekea mlango mkubwa, nami katikati yao, na kule kibarazani wanaume walikuwa wamejazana wakingoja ipungue, mchungaji, maharusi, wazee, wote wamebanana. Shangazi akakohoa. Sikujali. Akakohoa tena, akanivuta gauni. Nikamwambia anywe tangawizi.

Maji yalikuwa yanatiririka kutoka bati juu yangu. Nikasikia hereni zinashuka. Zilikuwa zimelegea zikanyooka mpaka mabegani, soksi mbili mbichi. Nikasikia kidani nacho kinakuwa laini, kinanata, kinateremka kifuani kama uji. Nami nilikuwa najisemea hakuna neno, kikikauka kitasimama tena, ndipo nikasikia nyuma ya sikio langu, karibu kiasi kwamba pumzi yake ilinigusa, ukuni mmoja unapasuka. Kimya kidogo. Ukuni mwingine.

Sikufikiri. Miguu yangu ndiyo ilifikiri. Niliinama, nikatoka kibarazani mbio nikashika upande wa kulia. Na mzee naye, mtu mwenye adabu zake, alipoona mgongo alioujua ni wa nani, akatoka mbio upande wa kushoto. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, kila mtu akimbilie kwake, na laiti ingeishia hapo mngenisifu.

Ila baba mkwe alikuwa amevaa koti kubwa la kijeshi alilorudi nalo kutoka vita vya Burma, lina vifungo vya shaba mpaka kwenye mikono, na wakati tumebanana pale alikuwa ameinua mkono kuzuia kofia yake, na kile kitanzi changu cha mapambo, cha mgongoni, kikaingia kwenye kifungo cha mkono wake.

Nilianza kusikia kitu kinatembea shingoni. Kinazunguka. Kinatoka bega la kushoto, kinapita mbele, kinakwenda bega la kulia, kinapita nyuma, kinarudi. Nikadhani ni kiwavi, nikajipiga makofi shingoni huku nakimbia, kikaongeza mwendo. Kumbe ni yale maua yanafunguka, na kadiri mimi ninavyokimbia na mzee anavyokimbia, ndivyo kazi yangu yote ya mkeka wa Bi Zena inavyorudi kuwa uzi, mstari baada ya mstari. Na uzi ule ulikuwa wa kigeni, imara, haukatiki. Ulikaza mbele ya kibaraza ukawakamata waliotaka kutoka kutuangalia, ukambana mchungaji kwa bwana harusi, ukachukua shela la Atupele ukalipeleka usoni mwa mzee wa kanisa. Nilisikia kelele lakini sikugeuka, maana nilifundishwa kwamba ukikimbia usigeuke.

Kanisa lenyewe, mnalijua, si kubwa. Na mtu akilizunguka kwa kulia, na mwingine kwa kushoto, hata asiyefika darasa la kumi anajua watakutana wapi.

Tulikutana nyuma, penye mfereji. Uso kwa uso. Nilimwona, Mungu anisamehe. Ni mfupi. Ni mfupi kuliko mimi, ameloa, kofia imemfunika nyusi, na masikio yamesimama huku na huku kama vishikio vya sufuria. Naye aliniona, akatoa sauti ya mtu aliyekanyaga chura, tukapishana, kila mmoja akaendelea mbele na mbio zake, hatukufika mbali. Uzi ulikuwa umefika mwisho. Shingoni kwangu ulikuwa umebaki mstari wa kwanza tu, ule Bi Zena aliouanzisha kwa fundo lake mwenyewe, na fundo la Bi Zena halifunguki. Nikavutwa shingo nikakaa chini kwenye tope. Nyuma yangu nikasikia mzee amegonga ukuta.

Basi tukawa hivyo. Mimi nimekaa topeni nimeelekea huku, yeye amesimama amebandika uso kwenye matofali ameelekea kule, migongo inatazamana, na uzi umelizunguka kanisa zima umetukaza. Ili ulegee, ilibidi turudi tulikotoka, yaani tupishane tena uso kwa uso. Haiwezekani. Watu kule mbele walikuwa bado wanafunguana. Nilimsikia anahangaika na kile kifungo, lakini uzi ulikuwa umekizungukia mara nyingi umezama, na vidole vyake vilikuwa vimekufa kwa baridi. Mwisho akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mimi kusikia kutoka kwake kitu ambacho si kikohozi, na hakusema nami, alisema na ukuta:

"Ukuta, huyo mtu aliye nyuma yangu ana meno?"

Nikafikiri. Na mimi sikuruhusiwa kumjibu. Nikaangalia chini.

"Tope," nikasema, "mwambie ukuta kwamba anayo."

"Ukuta, mwambie aukate huo uzi."

Nikaushika uzi nikauweka mdomoni. Halafu nikautoa. Wasomaji wangu, mimi si mtu mbaya, nimefundishwa adabu kwetu na kwa watu. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye maji ya baridi, hereni zimeninata mashavuni, nimeaibika mbele ya wilaya nzima, na mwanangu yuko mgongoni mwa mtu anayesubiri lori. Na mtu anayeamua yuko pale, hawezi kuondoka.

Akasema tena, "Ukuta, huyo mtu anangoja nini?"

"Tope, mwambie ukuta kwamba Tuntufye bado ananyonya."

Nikasikia ameacha kuhangaika na kifungo.

"Ukuta, mimi nililetewa habari kwamba ameacha tangu mavuno."

"Tope, aliyeleta habari hiyo hana maziwa."

Ukuni ukapasuka, na mwingine, na mwingine bila kupumzika, nikadhani mzee wa watu amepata homa ya mapafu kwa ajili yangu. Kisha nikatambua kwamba hakohoi. Anacheka, paji la uso limegandamana na tofali. Alipotulia akauuliza ukuta kama mtoto anatembea, nikaliambia tope anasimama na kuanguka. Akauuliza ukuta mtoto anakula nini, nikasema kila kitu, hata wanga wa nguo. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, si sauti ya mwamuzi tena:

"Ukuta, mwulize anafanana na nani. Kila mtu ananiambia jina tofauti."

"Tope, mwambie ukuta kwamba mpaka leo nilikuwa sijui. Leo nimejua. Ni masikio."

Nikauma uzi ukakatika.

Nilibaki nimefunika uso mpaka hatua zake zilipokwisha. Viatu vyangu sikuvipata, vimebaki kwenye ule mfereji mpaka leo.

Aibu kubwa ilikuwa bado inaningoja mbele. Nilitokea kibarazani bila viatu, tope mpaka mgongoni, na shingoni uzi mmoja kama mbwa aliyekata kamba. Mama wa Kisafwa, yule yule, akauliza kama huo ndio mtindo wenyewe. Basi. Walicheka mpaka mvua ikakoma. Mchungaji alicheka, bwana harusi alicheka, Ambakisye alikuwa hayupo, nadhani alikwenda kuangalia baiskeli. Mama mkwe hakucheka. Yeye alisema wameonana uso kwa uso, hilo ni kosa la kuchinjiwa mbuzi. Mzee wa kanisa akasema Wakristo hawana habari ya mbuzi, sala inatosha. Shangazi Subilaga akasema kati ya mbuzi na sala kuna kuku. Wakabishana hivyo njia nzima mpaka nyumbani kwetu, mpaka pilau likapoa, na nilichokuwa nasikia mimi niliyekuwa jikoni nimefunikwa blanketi ni kitu kimoja tu, kwamba mwanamke wa namna hii hawezi kuachiwa mtoto.

Ndipo kule kwenye turubai la wanaume mzee akaitisha kimya, Shangazi akaja kunieleza neno kwa neno. Mzee alisema mke wa mwanawe amekimbia vizuri, hajawahi kuona mkwe anayekimbia vile hata nguo zikamfumuka, na mwenye kutaka heshima zaidi ya hiyo aseme anataka nini. Akasema mjukuu atakaa kwa mama yake. Mama mkwe akainuka alipokaa na wanawake, akasema mtoto ameshaacha ziwa. Mzee akasema bado ananyonya. Mama mkwe akauliza, mbele ya watu wote, "Nani amekwambia?"

Mzee akajibu, "Ukuta wa kanisa."

Watu wa lori wakatazamana. Nani atabishana na ukuta wa kanisa?

Jioni hiyo kabla lori halijaondoka mama mkwe alikuja jikoni, akafungua mbeleko, akaniwekea Tuntufye mapajani bila kuniangalia, akasema mtoto ana njaa. Ni kweli alikuwa nayo, alinishika kama mtu aliyefungwa gerezani. Mama mkwe akasimama anatazama, midomo ameibana, mpaka nikadhani atasema pole. Akasema kitanzi cha mwisho unapitisha ncha yote ndani yake, unavuta, kinajifunga chenyewe, hata mtoto wa shule anajua. Nikamwambia ahsante, Mama. Nilitamka kama mtu anayetema mfupa.

Bi Zena aliporudi akanunua uzi mpya akasema tuanze tena. Nimekataa. Nimeapa, na haya maandishi ndiyo ushahidi, kwamba sitavaa tena kitu chochote nilichokifuma mwenyewe, wala sitasema nimemaliza kitu kabla sijakimaliza, hata kama ni kuosha kikombe. Najutia kile kidani, kilikuwa kizuri ukinyanyua bega la kushoto. Najutia viatu. Najutia shela la Atupele, na kila Jumapili najutia lile kanisa linavyonitazama. Lakini yale niliyoliambia tope siyajutii hata neno moja, na mtu akija tena kumchukua mwanangu kwa habari za uongo, mimi hapa Mbeya sikosi mvua.